Chai ya jua na ule ute wa asubuhi

*Swali: Tangu mwaka jana natengeneza chai ya mitishamba kwa jua. Natia maji ya bomba kwenye chupa kubwa ya kioo ya lita 2 yenye kibomba cha kumiminia chini, naweka mnanaa na mchaichai mbichi, naianika asubuhi na kuitoa jua likikaribia kuzama. Naiona tamu kuliko ya kuchemsha. Juzi ilibaki nusu juu ya meza, asubuhi nikaikuta ina ute unaovutika kama wa bamia. Kwani jua haliui vijidudu? Nasikia kuna watu wanaanika maji kwenye chupa ili yawe salama kunywa. Niache kabisa, au kuna mahali nilikosea?*

Imwage, hata kama bado inanukia mnanaa, na usiionje kwanza eti uhakikishe. Halafu tuzungumze, maana swali lako lina maswali matatu ndani yake, na hilo la maji ya kuanika ndilo linalowachanganya wengi.

Tuanze na ute. Kuna mimea inayotoa ute yenyewe ikilowekwa: mbegu za chia, mbegu za kitani, na baadhi ya magome na mizizi. Ute wa namna hiyo hujitokeza mapema, umeenea kinywaji kizima, na hauna ubaya wowote. Mnanaa na mchaichai havimo katika kundi hilo. Ute uliokuja usiku, baada ya chai kulala mezani, tena wa nyuzi nyuzi, ni kazi ya bakteria. Anayetajwa zaidi kwenye chai ya jua ni Alcaligenes viscolactis, mkazi wa kawaida wa maji na udongo, ambaye watu wa maziwa wanamfahamu siku nyingi kwa sababu huyafanya maziwa yavutike vivyo hivyo. Yeye mwenyewe si wa kutisha sana. Ila akishamiri kiasi cha kuonekana kwa macho, ujue amepata joto la kumfaa na muda wa kutosha, na wengine usiowaona wamepata hayo hayo.

Na joto hilo ulimpa wewe. Hapa ndipo chai ya jua inapowadanganya watu: jua ni kali, chupa inachoma ukiishika, basi mtu anaamini kilichomo ndani kinapikika. Hebu tupige hesabu. Jua la mchana, anga likiwa safi, huleta kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba inayolielekea. Chupa yako, tuseme ina upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 20, inalionyesha jua eneo la mita za mraba 0.024 tu. Hizo ni wati 24. Birika la kawaida la umeme lina kama wati 2,000. Tena nimekuhesabia kwa ukarimu, kwa sababu jua likiwa utosini linagusa kifuniko zaidi kuliko ubavu wa chupa, na maji yasiyo na rangi huruhusu sehemu kubwa ya mwanga ipite na kwenda zake bila kuyapasha. Lita 2 za maji zikipokea wati 24 zote bila kupoteza hata moja, zitapanda nyuzi 10 hivi kwa saa. Upepo ukipita, hata hizo hazifiki.

Kwa hiyo chupa huanza na maji ya kawaida, hupanda polepole, na mwisho wa siku nzuri hukomea kwenye nyuzi 50 na kidogo. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipotoa maelezo yake kuhusu chai baridi mwaka 1996 kilitaja kiwango hicho hicho, nyuzi 54 hivi, kikashauri chai ilowekwe kwa maji ya nyuzi 90 kwa dakika 3 hadi 5, na isikae nje zaidi ya saa 8. Shirika la Afya Duniani nalo huwaambia wapishi wa dunia nzima kwamba chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, kwa sababu humo ndimo vijidudu huzaana. Chai yako ilishinda siku nzima humo humo, kisha ikalala humo humo. Neno tulilo nalo ni moja tu: vuguvugu. Jua halikuichemsha chai yako, liliifanya vuguvugu na kuishikilia hapo.

Bakteria aliyestarehe anaweza kujigawa na kuwa wawili kila dakika 20. Mmoja huwa 8 kwa saa moja, na kwa saa nne huwa zaidi ya 4,000. Sisemi kwamba chai yako ilikwenda kwa kasi hiyo. Maji ya majani hayana chakula kingi, na baadhi ya mitishamba ina mafuta yanayowakera bakteria kidogo. Lakini kama ulitia sukari au asali kabla ya kuianika, uliwaandalia karamu. (Hukusema. Wengi hufanya hivyo.)

Sasa, maji ya kuanika. Ulichosikia ni kweli, na ni jambo zuri sana. Mtafiti Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walilionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, Eawag, ikaanza kulichunguza kwa kina mwaka 1991. Unachukua chupa ya plastiki angavu aina ya PET, isiyozidi lita 2, unaijaza maji yasiyo na tope, unailaza juani saa 6. Kama mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, unaiacha siku 2. Lakini kinachoua humo kwa sehemu kubwa si joto. Ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno, ikisaidiwa na joto maji yakipita nyuzi 50.

Linganisha na chupa yako. Imesimama, haikulazwa. Imejaa majani, na kila jani ni mwavuli kwa bakteria aliye nyuma yake. Maji yanapata rangi kila dakika, na rangi hiyo ndiyo inayoinyonya ile mionzi kabla haijafika katikati. Wanaoanika maji husisitiza yawe maangavu, wewe unafurahi chai inapokolea, na huwezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja. Isitoshe, wao huanza na maji matupu. Wewe uliongeza majani, na majani hayaji peke yao.

Hili la majani halitiliwi maanani vya kutosha. Watu huuliza kama maji ni safi, wakasahau kwamba mnanaa ulikua karibu na ardhi, ukamwagiwa maji usiyoyajua, ukashikwa na mikono kadhaa. Majani makavu nayo hayana kinga: kukausha huwalaza bakteria wengi, hakuwaui. Huko Ujerumani, kati ya Oktoba 2002 na Julai 2003, watoto wachanga 42 waliuguzwa na salmonela, bakteria wa magonjwa ya tumbo, wa aina ya Agona, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye mbegu za anisi zilizokuwa ndani ya chai za mitishamba. Mbegu kavu kabisa, zilizotengenezwa kwa ajili ya chai ya watoto. Maji yanayochemka humaliza salmonela kwenye kikombe bila shida. Maji ya vuguvugu humwamsha.

Basi niache? Hapana. Nisingependa uache, kwa sababu kuhusu utamu uko sahihi.

Maji yanayochemka hutoa vitu vingi kwa pupa, pamoja na tanini na viungo vichungu ambavyo kwenye joto dogo vingetoka kidogo kidogo. Tena mafuta ya harufu, kama mentholi ya mnanaa na sitrali ya mchaichai, huondoka na mvuke. Ile harufu inayojaa jikoni unapochemsha mchaichai bila kifuniko ni chai inayokukimbia. Joto la chini, chupa ikiwa imefungwa, huacha harufu ndani na uchungu kwenye jani. Angalia lakini nilichosema: joto la chini na kifuniko. Sikusema jua. Ladha unayoipenda haitoki juani, na ukilikubali hilo utapata njia tatu za kuifikia bila ute.

Njia ya kwanza ndiyo ninayoitumia mwenyewe, na huwa nawaambia watu hivi: jua litunze joto, lisiachiwe kazi ya kulileta. Suuza chupa kwa maji ya moto polepole ili kioo kisishtuke kikapasuka. Weka majani yaliyooshwa. Mimina maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, funga papo hapo, kisha uipeleke juani ikiwa imeviringishwa kitambaa cheusi. Maji yakianzia karibu na nyuzi 90, dakika zile za mwanzo zinamaliza wengi wa wakazi wa majani, na jua pamoja na kitambaa hupunguza kasi ya kupoa. Usiache saa sita. Saa moja na nusu inatosha kwa majani laini, mbili kama umezidisha maji. Chuja, kunywa, kinachobaki kiende kwenye jokofu. Uchungu utakuwa umeongezeka kidogo ukilinganisha na ya zamani, sikufichi, ila harufu haitakuwa imetoka kwa sababu hukufungua. Ukitaka uchungu upungue, punguza majani, usipunguze joto.

Kitambaa cheusi kina kazi ya pili ambayo watu huishangaa: kinaikinga chai na mwanga. Tumezoea picha za chupa angavu inayong'aa juani, nzuri kweli kwa macho, lakini mwanga huharibu rangi na harufu. Ua la rosela ni mfano mzuri. Wekundu wake unatokana na antosianini, ambazo hupauka zikikaa kwenye mwanga na joto kwa muda mrefu. Na kitu cheusi hunyonya karibu mwanga wote unaokigusa, kwa hiyo chupa iliyofunikwa hupata joto kuliko ile iliyo wazi. Uzuri wa picha umekwenda, chai imebaki.

Njia ya pili ni kwa yule anayetaka jua lifanye kazi yote, mwanzo hadi mwisho. Inawezekana, ila siyo kwa chupa iliyosimama tu kibarazani. Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alitengeneza sanduku lenye matabaka ya kioo juu na kuta zisizopitisha joto, na ndani yake joto likapita kiwango cha kuchemka kwa maji. Majiko ya jua ya sanduku tunayotumia leo ni wajukuu wa sanduku hilo. Unahitaji sufuria nyeusi yenye kifuniko, sanduku lenye kioo juu, na ubao mmoja au miwili iliyobandikwa karatasi ya kung'aa kuelekeza mwanga ndani. Ubao huo ndio unaoziongeza zile wati 24 za kusikitisha, na sanduku ndilo linalozizuia zisitoroke.

Huhitaji hata kufika kwenye kuchemka. Maji yakikaa kwenye nyuzi 65 kwa dakika chache, vijidudu vinavyoleta magonjwa ya tumbo hufa, ndivyo yanavyotiwa usalama maji ya kunywa kwenye majiko hayo. Nunua kipimajoto cha jikoni, usikisie. Kuna pia kidude kimoja cha kupendeza: kijimrija cha plastiki kilichozibwa, ndani yake kina nta inayoyeyuka ikikaribia nyuzi 70. Unakizamisha nta ikiwa juu, na ukikuta imeteremka chini unajua maji yalifika, hata kama hukuwapo. Kwa chai ningependa kupita hapo, hadi nyuzi 80, kwa sababu ya majani. Hapo una chai iliyoivishwa na jua kwa maana kamili ya neno, na haikuguswa na moto.

Njia ya tatu itakuudhi. Tia majani kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, funga, weka kwenye jokofu usiku kucha, saa 8 hadi 12. Hakuna jua lolote. Baridi haiui bakteria, ila chini ya nyuzi 5 huzaana kwa shida sana, na ukinywa ndani ya siku moja umekaa pazuri. Onja, halafu uniambie kama unaweza kuitofautisha na ile ya jua. Mimi siwezi, na nimejaribu nikiwa nimefumba macho. Ukipenda, majani yenyewe yamiminie kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwanza, uyaache dakika 5, ndipo uongeze maji baridi. Hasara ya ladha ni ndogo, na yale ya salmonela unakuwa umeyapunguza kwa sehemu kubwa.

Kama baada ya yote haya bado utaianika kwa mtindo wako wa zamani, najua wapo watakaofanya hivyo, basi angalau: maji yawe yamechemshwa, sukari isiguse chupa, saa 3 au 4 ziwe mwisho, uichuje na kuipoza mara moja, iishe siku hiyo hiyo. Asipewe mtoto mchanga, mjamzito, mzee sana wala mgonjwa mwenye mwili dhaifu. Hiyo ni kupunguza hatari. Kuiondoa ni kitu kingine.

Kuhusu kipi kiwekwe: majani laini na maua ndiyo yanayofaa joto dogo. Mnanaa, mrehani, mchaichai uliopondwa kidogo, kamomili, rosela. Ukiwa na majani mabichi, chukua kama mara tatu ya makavu, kwa sababu sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Lita moja inatosheka na vijiko vya mezani 4 au 5 vya majani makavu. Tangawizi, mdalasini na mizizi migumu usiisumbue juani. Hiyo ni ya sufuria na moto wa taratibu, la sivyo utapata maji yenye harufu ya mbali. Mimi huchemsha vipande vya tangawizi kando kwenye kikombe kimoja cha maji, kisha nikachanganya.

Rosela ina faida moja zaidi, ni chachu sana, na uchachu huwapa bakteria taabu. Usiigeuze kuwa ngao lakini, wapo wanaoweza kuishi kwenye uchachu kwa saa kadhaa. Na kwa kuwa rosela inaweza kushusha shinikizo la damu, anayemeza dawa za presha azungumze na daktari wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.

Limebaki jambo la chupa yenyewe, na kama unauliza nani mkosaji mkubwa, mimi naangalia kile kibomba cha chini. Chai hutulia humo ndani ya mrija, haisuguliwi, haikauki, na kila unapojaza upya, mabaki ya jana yanakwenda kusalimia ya leo. Unaweza kuosha chupa vizuri sana na bado ukaanza siku na bakteria wale wale. Kifungue chote. Sugua ndani kwa brashi nyembamba na sabuni, loweka vipande kwenye maji ya moto sana, suuza, uache vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Ute ukishaonekana mara moja, usafi huo ufanye kabla ya kila matumizi, siyo mara moja tu. Kama kibomba hakifunguki, chupa hiyo itunzie maua, ununue nyingine ya mdomo mpana isiyo na kibomba na umimine kwa mkono. Kioo, siyo plastiki inayolegea kwa joto, wala chuma kisicho na mipako kama utatumia rosela, maana uchachu wake hukila.

Na ule mpira mwembamba wa kwenye kifuniko, uutoe uutazame kwa ndani. Ukiukuta una utelezi au madoa meusi hata baada ya kuoshwa, utupe, tia mpya.